Hesabu ya Paget: saratani ya matiti na viungo inavyovichagua

Saratani ikibaki titini, kwa kawaida haiui. Kinachoua ni zile seli zinazojitenga na uvimbe, zikaingia kwenye damu na kwenda kuota upya katika ini, mapafu, ubongo au mifupa. Kwa nini ziote huko na kuviruka viungo vingine? Mtu wa kwanza kulijibu swali hilo vizuri alilijibu kwa kuhesabu tu.

Aliitwa Stephen Paget, daktari mpasuaji wa London. Mwaka 1889 alichapisha katika jarida la Lancet uchambuzi wa kumbukumbu za wanawake 735 waliokufa kwa saratani ya matiti. Wakati ule wengi waliamini kwamba seli za saratani hukwama popote damu inapozitupa. Paget akasema, haya, tuangalie. Ini na bandama vyote hupata damu ya kutosha, hivyo kama ni suala la kutupwa tu, vingeumia kwa kiasi kinachokaribiana. Katika majalada yake, ini lilikuwa limeingiliwa kwa wagonjwa 241. Bandama kwa 17. Mifupa nayo haikulingana: ile ya mapaja ilishambuliwa mara nyingi, ya viganja na nyayo ikaachwa. Hitimisho lake lilikuwa kwamba seli ya saratani ni mbegu: hupeperushwa kila upande, lakini huota pale tu inapopata udongo unaoifaa.

Ushahidi ulikuwa mezani, na madaktari wakaupita. Marekani, William Halsted wa hospitali ya Johns Hopkins alishikilia kwamba saratani husambaa hatua kwa hatua, kutoka titini hadi tezi za kwapani na kuendelea, kwa hiyo mpasuaji akikata kwa upana wa kutosha ataiwahi. Mwaka 1894 alitoa taarifa ya wagonjwa wake 50 wa kwanza. Aliondoa titi zima, misuli ya kifua iliyo chini yake na tezi za kwapani, vyote kwa pamoja. Mwanamke aliyepona alibaki na kifua kilichobonyea hadi mbavu zinahesabika, na mara nyingi mkono uliovimba maisha yake yote. Utaratibu huo ulitawala vyumba vya upasuaji kwa zaidi ya miaka 70. Mwaka 1928 bingwa mwingine wa Marekani, James Ewing, alizidi kumsukuma Paget pembeni kwa kudai kwamba njia za damu peke yake zinatosha kueleza kila kitu.

Mambo yalianza kugeuka maabarani. Mwaka 1970 mtafiti Isaiah Fidler aliwadunga panya seli za saratani ya ngozi alizokuwa ameziwekea alama ya mionzi, kisha akazifuatilia. Nyingi zilikufa ndani ya siku moja. Zilizofanikiwa kuota uvimbe hazikufika hata moja katika elfu. Kumbe kusafiri si kazi, kazi ni kupata pa kuishi.

Kwa wanawake wenyewe, aliyevunja ukimya ni mpasuaji Bernard Fisher wa Pittsburgh. Kuanzia 1971 aliwagawa kwa bahati nasibu wagonjwa zaidi ya 1,600, baadhi wakapasuliwa kwa mtindo wa Halsted na wengine kwa upasuaji mdogo zaidi. Wapasuaji wengi walimkasirikia, na wapo waliokataa kumpelekea wagonjwa. Baada ya miaka 25 ya kuwafuatilia, waliokatwa sana hawakuishi muda mrefu kuliko wenzao. Nionavyo mimi, upasuaji huo wa Halsted ndio deni kubwa kuliko yote katika historia hii, na wanawake ndio waliolilipa kwa miili yao.

Baada ya hapo ikabaki kujua mbegu na udongo vinaelewana vipi. Seli za titi hushikamana kwa protini iitwayo E-kadherini. Mwaka 2004 watafiti wa maabara ya Robert Weinberg, Massachusetts, walionyesha kwamba jeni iitwayo Twist ikiwashwa, protini hiyo hupungua na seli hupata uwezo wa kujitenga na kutembea. Miaka mitatu kabla, wengine walikuwa wamegundua kwamba seli za saratani ya matiti hubeba kipokezi cha CXCR4, kinachovutwa na kemikali inayotolewa kwa wingi na mapafu, ini, uboho na tezi za limfu. Ni viungo vilevile ambavyo saratani hii hupenda kuvamia.

Mfupani mambo ni ya kutisha zaidi. Seli ya saratani hutoa protini inayoziamsha seli za mwili zinazokula mfupa. Mfupa ukiliwa huachia vichocheo vya ukuaji vilivyokuwa vimehifadhiwa ndani yake, navyo huilisha saratani, nayo ikaagiza mfupa uliwe zaidi. Dawa za kuimarisha mifupa wanazopewa wagonjwa leo hukata mzunguko huo. Yaani zinatibu udongo, si mbegu.

Afrika Mashariki wagonjwa wengi bado hufika hospitali ugonjwa ukiwa umeshasambaa. Na wapo wanaowahi, wakapasuliwa, kisha wakaacha dripu za kemo au vidonge kwa kuwa uvimbe umeshatolewa. Mpendwa msomaji, dawa hizo huwafuata wale wasafiri ambao kisu hakikuwafikia. Ukiandikiwa, zimalize.