Mvinyo wa Kijani wa Minho

Neno mvinyo lilitokana na vinho la Wareno, likaingia katika Kiswahili pamoja na meza na leso. Wareno wenyewe, hata hivyo, wanayo namna moja ya mvinyo ambayo jina lake humtatiza mgeni: vinho verde, yaani mvinyo wa kijani. Kijani hicho hakimo katika bilauri. Mvinyo huu siku hizi aghalabu ni mweupe, ingawa upo mwekundu na upo wa waridi. Ufafanuzi ulio maarufu zaidi ni kwamba kijani ni ubichi wa umri: mvinyo mchanga, unaonywewa mapema baada ya mavuno. Wapo pia wanaolihusisha jina hilo na sura ya nchi yenyewe, kwa kuwa Minho, pembe ya kaskazini-magharibi ya Ureno, hunyeshewa sana na mawingu ya Atlantiki.

Ladha yake kali ilitokana na uhaba wa ardhi. Mahindi yalipofika kutoka Amerika katika karne ya 16, wakulima wa Minho, wengi wao wakiwa na vipande vidogo mno, waliyapa mahindi katikati ya shamba na kuisukuma mizabibu pembezoni. Huko ilipandishwa juu ya miti na vichanja virefu, hata wavunaji wakahitaji ngazi. Zabibu zilizoning'inia kwenye unyevu na kivuli ziliiva kwa shida. Zikatoa mvinyo wenye uchachu mwingi na kileo kidogo. Kwa hiyo kile ambacho wauzaji wa leo hukiita wepesi na uchangamfu kilikuwa, kwa mkulima wa zamani, alama ya shamba lisilotosha. Watu wa jimbo hilo hilo walihamia Brazili kwa vizazi kadhaa, na katika miaka ya 1960 wengi wakaelekea Ufaransa.

Serikali iliiwekea sehemu hiyo mipaka ya kisheria mwaka 1908. Muda mrefu baada ya hapo mvinyo wa nyumbani kwa mwananchi wa Minho uliendelea kuwa mwekundu: mweusi karibu kama wino, mkali, ukinywewa katika bakuli jeupe la kauri. Mweupe ndio uliosafiri. Casal Garcia, chapa iliyoanza kuuzwa mwaka 1939, ni miongoni mwa zile zilizoufikisha mbali. Ni vyema kulikumbuka hilo kila inaposemwa kwamba mvinyo mweupe wa kijani na samaki ni mapokeo ya kale. Samaki ni wa kale, lakini bilauri hiyo ni ya juzi.

Hata hivyo, mapatano yao ni ya kweli. Bacalhau, ng'onda wa Wareno, ni samaki wa bahari za baridi ambaye mabaharia wao walimfuata hadi Newfoundland tangu karne ya 16. Hulowekwa kwa siku moja au zaidi ili apungue chumvi, kisha hupikwa kwa viazi, vitunguu na mafuta mengi ya zeituni. Uchachu wa mvinyo huyakata mafuta hayo kama ndimu inavyofanya juu ya samaki wa kukaanga. Sadini wa kuchoma, wanaoliwa mitaani Porto usiku wa kuamkia Juni 24, sikukuu ya Mtakatifu Yohana, huupokea vivyo hivyo. Kwa kaa na kamba hupendelewa Alvarinho, zabibu ya Monção na Melgaço kwenye mpaka wa Uhispania, ambayo mvinyo wake una mwili na kileo zaidi.

Vichanja vingi vimeng'olewa, na mizabibu sasa imepangwa safu kwa safu ili jua liipate. Viputo vilivyokuwa vikizaliwa chupani vyenyewe, katika mvinyo mwingi wa bei nafuu hutiwa kwa gesi. Lakini msimu wa lampreia unapofika, mapema katika mwaka, kiumbe huyo wa mtoni anayefanana na mkunga hupikwa na wali katika damu yake mwenyewe, na mezani, kwa wazee wa Minho, hurudishwa mvinyo mwekundu na bakuli lake.