Takeria za Mission: Mtaa wa San Francisco na Historia ya Burito

Mtaa wa Mission, ulioko San Francisco katika jimbo la California, ulipata jina lake kutokana na misheni ya Kikatoliki ambayo mapadri Wafransisko kutoka Hispania waliianzisha mwaka 1776 katika ardhi ya Waohlone. Hata hivyo, takeria zake, yaani mikahawa midogo inayouza tako na vyakula vingine vya Kimeksiko, si mabaki ya zama hizo. Baada ya Marekani kuitwaa California mwaka 1848, na hasa baada ya tetemeko la ardhi na moto wa mwaka 1906 kuwafukuza maelfu ya watu kutoka katikati ya jiji, Mission ulikuwa kwa muda mrefu mtaa wa wafanyakazi wenye asili ya Ireland, Ujerumani na Italia.

Wameksiko wa San Francisco walikuwa wakiishi zaidi karibu na bandari, katika eneo la Rincon Hill, hadi ujenzi wa Daraja la Bay katika miaka ya 1930 ulipozihamisha familia nyingi, baadhi zikaelekea Mission. Waliungana huko na watu wa Nikaragua, El Salvador na Guatemala, nchi ambazo kahawa yake ilikuwa ikipakuliwa na kukaangwa San Francisco, na ambazo watu wake walizifuata njia zilezile za meli. Baada ya Vita Kuu ya Pili, wazungu wengi walipohamia vitongoji vipya, nyumba za kupanga zilizobaki zikajaa wahamiaji hao, na maduka ya kuwahudumia yakafuata.

Kilichotangulia hapo ni tortila, aina ya chapati nyembamba, kwa kuwa bila tortila hakuna tako. La Palma, duka lililofunguliwa katika Barabara ya 24 mwaka 1953, lilijulikana kwa tortila za mahindi ambayo, tofauti na yale ya sembe, hayasagwi makavu: punje huchemshwa katika maji ya chokaa, hulazwa humo hadi maganda yalegee, huoshwa, kisha husagwa zikiwa bado na maji mpaka ziwe donge laini linalokandwa na kuokwa juu ya bati la moto. Tortila ya ngano ni jambo jingine. Hiyo inatoka Meksiko ya kaskazini, ambako ngano iliyoletwa na Wahispania ilistawi, nayo hukandwa kwa mafuta na kusukumwa kama chapati, ikawa nyembamba, pana na yenye kunyumbulika kiasi cha kubeba mlo mzima.

Mlo huo ndio burito ya Mission. Takeria ya El Faro, iliyokuwa duka la vyakula kwenye kona ya Barabara ya Folsom, hudai kwamba Febronio Ontiveros aliiuza ya kwanza tarehe 26 Septemba 1961 kwa wazima-moto waliotaka sandwichi mahali ambapo hapakuwa na mkate. La Cumbre ya Barabara ya Valencia hudai heshima hiyohiyo kwa tarehe 29 Septemba 1969. Ubishi huu ni mtamu kwa wenye biashara, lakini hauna uzito mkubwa kwa mwanahistoria, kwani madai yote mawili yanaelekea upande mmoja: chakula hiki kilibuniwa katika mtaa wa watu wa kazi, kwa wateja waliohitaji kushiba kwa bei nafuu na kurudi kazini. Ndiyo maana kina wali na maharage, vitu vinavyojaza tumbo bila kupandisha gharama ya nyama. Mpangilio wa kazi nao unafuata mantiki hiyo: tortila hulainishwa kwa mvuke, husukumwa kwenye kaunta kutoka mkono hadi mkono huku mteja akitaja anachotaka, kisha hukunjwa na kuviringishwa ndani ya karatasi ya foili ambayo huhifadhi joto na kuuzuia mchuzi usivuje.

Wengine waliikataa kanuni hiyo ya wali. La Taqueria, iliyofunguliwa na Miguel Jara mwaka 1973, haiweki wali kabisa, ili ladha ya nyama isimezwe. Mwaka huohuo treni za BART, reli ya abiria ya eneo la San Francisco, zilianza kusimama katika stesheni za Barabara ya 16 na ya 24, baada ya Barabara ya Mission kuchimbwa kwa miaka. El Farolito ilifunguliwa mwaka 1983 karibu na stesheni ya Barabara ya 24, wakati vita vya El Salvador vikiwaleta wakimbizi waliouongezea mtaa mikahawa ya pupusa, ambazo ni vitumbua bapa vya mahindi vyenye jibini au maharage ndani. Nyama iitwayo al pastor, inayouzwa katika takeria nyingi, imesafiri mbali zaidi, kwani ni shawarma ambayo wahamiaji Walebanoni waliifikisha Meksiko na wenyeji wakaifanya ya nguruwe.

Mwaka 1993 Steve Ells, mpishi aliyekuwa akifanya kazi San Francisco na kula katika takeria za Mission, alifungua Denver duka la kwanza la Chipotle, na kaunta ya burito ikageuka biashara ya mikahawa elfu kadhaa. Mtaa wenyewe haukufaidika na utajiri huo. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 fedha za kampuni za teknolojia zilipandisha kodi za pango hadi familia nyingi za Kilatino zikahama, na mwaka 2014 jiji likalitambua rasmi eneo la Barabara ya 24 kuwa wilaya ya utamaduni wa Kilatino, hatua iliyokusudiwa kuyalinda maduka yaliyosalia ambayo wenyewe ni wapangaji.