Merikebu Moja, Sala Nyingi

Je, nchi inayotaka kumpendeza Mungu iwalazimishe raia wote kusali namna moja? Swali hili liliwagawa Wakristo waliohama Uingereza na kujenga koloni la Massachusetts huko Amerika katika karne ya 17.

Wapuritani hao walikuwa wamekimbia kubanwa na kanisa la serikali. Lakini mwaka 1631, mamlaka yalipokuwa mikononi mwao, waliamua kwamba asiye mshiriki wa kanisa hana haki ya kupiga kura. Walikuwa na sababu yao: waliamini wamefanya agano na Mungu, na dhambi ya mmoja ingewaletea wote adhabu.

Mchungaji Roger Williams aliwapinga. Alifundisha kwamba hakimu ana mamlaka juu ya mwili na mali, si juu ya dhamiri. Anayesukumwa kanisani kwa nguvu huwa mnafiki, haongoki. Alitegemea mfano wa Bwana Yesu wa magugu na ngano, vinavyoachwa kukua pamoja hadi mavuno. Alisema pia kwamba mfalme hana haki ya kugawa ardhi ya wenyeji bila ridhaa yao.

Mwaka 1635 alihukumiwa kufukuzwa. Alitoroka katikati ya majira ya baridi, akahifadhiwa na wenyeji hao hao. Mwaka 1636 akaanzisha mji wa Providence kwenye ardhi aliyopewa na wakuu wa kabila la Narragansett. Koloni lililokua hapo, Rhode Island, likawa kimbilio la Wabaptisti, Wakweka na Wayahudi. Huko Boston, mwaka 1660, mama mmoja Mkweka, Mary Dyer, alinyongwa kwa ajili ya imani yake.

Hata hivyo, uhuru nao ulileta fujo. Wengine Providence walidai dhamiri inawaondolea wajibu wa kutii serikali yoyote. Mwaka 1655 Williams aliwajibu kwa barua. Alifananisha mji na merikebu yenye abiria Wakristo wa kila namna, Wayahudi na Waislamu. Asilazimishwe yeyote kuhudhuria sala za merikebu, wala asizuiwe kusali sala zake. Lakini nahodha ataamuru njia, na kila mmoja atalipa nauli na kusaidia kuilinda.

Williams mwenyewe alijikwaa. Mwaka 1676, baada ya vita, alikuwa miongoni mwa waliosimamia kuuzwa kwa mateka wenyeji, watu wa makabila yaliyowahi kumhifadhi. Aliyetetea dhamiri za wengi hakuwapa hao nafasi merikebuni.

Ndugu zangu, Wapuritani hawakuwa watu wabaya kuliko sisi. Walisahau tu, walipokuwa wengi, jinsi walivyoumia walipokuwa wachache. Basi kabla ya kuiomba serikali ilinde imani yetu dhidi ya jirani, tujiulize: je, tungeikubali sheria hiyo kama jirani ndiye angekuwa ameishika?