Randy Weston, mpiga piano aliyeuchagulia uhuru Kiswahili

Novemba 1960, mwaka mmoja na zaidi kabla ya Tanganyika kupandisha bendera yake, Kiswahili kilisikika katika studio jijini New York. Tuntemeke Sanga, Mtanganyika, alighani maneno ya mshairi Langston Hughes yaliyotafsiriwa kwa lugha yetu. Ndivyo ilivyofunguliwa santuri ya "Uhuru Afrika", kazi ya mpiga piano na mtunzi Randy Weston.

Weston alizaliwa Brooklyn tarehe 6 Aprili 1926. Baba yake, mfuasi wa Marcus Garvey, mtetezi wa umoja wa watu weusi, alimkuza akimwambia kwamba yeye ni Mwafrika aliyezaliwa Marekani. Baada ya kutumikia jeshini katika Vita vya Pili vya Dunia, alirudi kuendesha mgahawa wa baba yake, huku akijifunza kwa kumsikiliza mpiga piano Thelonious Monk. Tungo zake kama "Hi-Fly" na "Little Niles" zikampatia jina. Mkono wake wa kushoto ulizipiga sauti nzito za piano kama ngoma.

Mwaka 1960 nchi 17 za Afrika zilijipatia uhuru, naye akataka kuzitungia muziki. Alitafuta lugha ya kulisemea bara zima. Waafrika aliowauliza katika Umoja wa Mataifa wakamwelekeza kwenye Kiswahili. Melba Liston, mpiga tromboni hodari, aliandika sehemu ya kila ala. Mpiga ngoma Babatunde Olatunji wa Nigeria alikutana studioni na wapiga ngoma wa Kuba na Marekani. Sehemu ya kwanza iliitwa "Uhuru Kwanza", ya mwisho "Kucheza Blues". Makaburu wa Afrika Kusini waliipiga marufuku santuri hiyo mwaka 1964.

Weston hakuishia kuiwazia Afrika akiwa mbali. Alifika Lagos mwaka 1961, na baada ya ziara ndefu ya bara hili mwaka 1967 alihamia Moroko. Mjini Tangier alifungua klabu na kupiga muziki na Wagnawa, wazao wa watu waliopelekwa utumwani kutoka kusini mwa Sahara. Aliendelea kutunga na kupiga hadi alipofariki Brooklyn mwaka 2018, akiwa na miaka 92.

Redio zetu hupiga nyimbo za uhuru kila Desemba. "Uhuru Afrika" inastahili kuwa miongoni mwake, kwa kuwa Weston alikiheshimu Kiswahili kama lugha ya Afrika nzima wakati sisi wenyewe tulikuwa bado chini ya mkoloni.