Buriani ya Mbwa Mzee

Zamani za ujana wangu, mbwa akizeeka aliitiwa mtu mwenye bunduki. Mbwa wangu wa kwanza aliondoka hivyo, akivutwa kwa kamba, nami nikabaki ndani nikisahihisha madaftari. Aibu ile sijaisahau.

Nilipokuwa nikifundisha historia chuo cha ualimu, somo la utu nililianzia kwenye zana za mawe. Leo ningelianzia kwenye kaburi la Oberkassel, mjini Bonn, Ujerumani, lililogunduliwa mwaka 1914. Humo walizikwa mwanamume, mwanamke na mbwa, yapata miaka 14,000 iliyopita. Wataalamu waliochunguza meno ya mbwa yule walieleza kwamba aliugua sana angali mdogo, na kwamba bila kuuguzwa asingeishi. Mbwa mgonjwa hawindi wala halindi, walimtunza bure.

Basi Simba wangu alipotimiza miaka 14, hasimami wala hali, nilimwita daktari wa mifugo aje nyumbani. Tulichagua asubuhi, jua halijawa kali. Wajukuu walimuaga kwanza. Akalazwa barazani, juu ya gunia lake alilolizoea. Sindano ya kwanza ilimpa usingizi. Ya pili ikausimamisha moyo. Mkono wangu ulikuwa kichwani pake hadi mwisho. Tulimzika chini ya mwembe, kaburi la kina kirefu, maana dawa ile hubaki mwilini na humdhuru mnyama atakayefukua mzoga.

Safari hii madaftari hayakuwapo, nami nilikuwapo.