Vidole Vilivyofungwa

Bibi yangu alikuwa mpaka hina hapa Ngamiani, Tanga. Majani ya mhina aliyakausha kivulini, akayatwanga, akayachekecha kwa kitambaa, kisha akayakanda kwa maji ya ndimu na chai ya rangi iliyokolea. Biharusi alibandikwa hina kwenye ncha za vidole, akafungwa vitambaa vya kanga kuukuu, akalala navyo. Asubuhi kucha zilikuwa nyekundu iliyoiva.

Hina haikai juu ya kucha. Inaingia, inashikana na kucha yenyewe, na hakuna dawa ya kuitoa. Kucha ya mkono hukua kama milimita 3 kwa mwezi, kwa hiyo baada ya miezi 6 hivi ile nyekundu huwa imesukumwa mpaka nchani, ikakatwa ikaisha. Bibi aliweza kushika mkono wa mke mgeni akamwambia ameolewa lini, kwa kutazama tu ile sehemu iliyoota bila rangi.

Nami nina saluni ndogo mitaa hiyohiyo. Napaka jeli ya kucha kama wengine, lakini wanaokuja kwangu kutoka Chumbageni na Raskazone huja zaidi kwa ajili ya kutolewa jeli. Hiyo ndiyo kazi ninayojivunia, na ina historia yake ambayo wapakaji wengi hawakufundishwa.

Mama yangu ni wa enzi za kuteksi. Jina hilo ni la kampuni, Cutex, iliyoanzishwa Marekani na Northam Warren mwaka 1911 kwa dawa ya kulainisha ngozi ya ukingo wa kucha. Rangi ya chupa ilikuja baadaye. Huku kwetu jina la kampuni likageuka jina la kitu: rangi yoyote ya kucha, ya kiwanda chochote, ni kuteksi.

Rangi hiyo na dawa ya kuitoa zote mbili zimepitia kwenye baruti. Kinachoifanya kuteksi ing'ae na kukauka ni nitroselulosi, yaani pamba iliyotiwa asidi, na hiyohiyo ndiyo iliyotengeneza baruti isiyo na moshi. Waingereza waliichanganya kwa asetoni, ambayo ndiyo dawa ya kuitoa kuteksi, kupata baruti yao, kordaiti. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia asetoni ikawaadimikia, mpaka mkemia Chaim Weizmann alipowaonyesha namna ya kuipata kwa kuchachusha mahindi. Sisi watu wa Tanga tunaijua vita hiyo, maana Novemba 1914 jeshi la Waingereza kutoka India lilishuka pwani yetu, likashindwa, likarudi melini. Vita ilipokwisha, viwanda viliigeuza nitroselulosi kuwa rangi ya magari, na kutoka kwenye magari ikafika kwenye vidole.

Asetoni huiyeyusha kuteksi kama maji yanavyoyeyusha chumvi. Pamba moja, dakika moja, kucha nyeupe. Kwa wanawake wa Kiislamu wa pwani, dakika ile ilikuwa na maana kubwa. Hina haizuii maji, basi haina neno na udhu. Kuteksi ni ngozi juu ya kucha, maji hayapiti. Mama alipaka siku ambazo haswali, na chupa ya asetoni ilikaa dirishani pa bafu, karibu na kata, ili kabla ya josho kucha ziwe tupu. Rangi ilivumilika nyumbani kwetu kwa sababu ilitoka upesi.

Jeli ndiyo iliyovunja mapatano hayo. Wamarekani waliijaribu tangu miaka ya 1980 bila kupata soko kubwa. Iliyoenea duniani ni ile ya kupakwa kwa brashi kama kuteksi na kukaushwa kwa taa, na bidhaa iliyoivumisha zaidi ni Shellac ya kampuni ya CND, mwaka 2010. Mimi niliiona mwaka 2014, nilipokwenda Dar es Salaam kujifunza. Nilifundishwa kupaka kwa siku nne. Kutoa nilifundishwa kwa sentensi moja: ikwangue. Mwalimu wangu alichokonoa jeli ya kidole changu cha shahada kwa ncha ya chuma, ikabanduka na tabaka la kucha yangu. Nilipopakwa tena na kuingiza mkono kwenye taa, kucha iliungua nikaruka kitini. Nusu mwaka nilikaa nikisubiri ile kucha nyembamba isogee mpaka nchani, kama hina ya bibi.

Kosa lilikuwa kudhani jeli ni kuteksi ngumu. Mwanga wa taa huziunganisha chembe za jeli zikawa kama jarife lililofumwa, na asetoni haiyeyushi jarife. Inaliloweka, linavimba kama maharage usiku, na likivimba linaachia kucha. Haja yake ni muda, na fundi anayetaka kuharakisha aharakishe kabla, siyo baadaye. Ninasugua juu kwa tupa mpaka mng'ao wote uishe, kwa sababu tabaka la juu ndilo linalozuia dawa. Hapo ndipo wengi wanapozembea. Napaka mafuta ya mgando kwenye ngozi. Pamba inakatwa saizi ya kucha, inalowanishwa asetoni tupu, inafungwa kwa foili, kidole kwa kidole, kuanzia kile kidogo, nikimalizia dole gumba. Mikono yote miwili nafunika taulo la vuguvugu, mbali na moto wowote, maana asetoni hushika moto kwa cheche. Dakika 15. Nafungua kidole kimoja tu. Jeli iliyo tayari imekunjamana, inasukumwa kwa kijiti cha mti bila nguvu. Iliyogoma inafungwa tena dakika 5. Haikwanguliwi. Ipo pia jeli ngumu ya kujengea kucha ndefu, ambayo hailowi kabisa. Hiyo husagwa kwa tupa, ukaacha utando mwembamba uote wenyewe.

Usiku mmoja wa masika shangazi mmoja mkoshaji maiti alinigongea mlango. Binti wa jirani amefariki, ana jeli mikononi, na maziko ni asubuhi. "Mwanangu, maji lazima yafike kwenye kucha," akaniambia. Wenzake walikuwa wamekwishajaribu kwa wembe, akawazuia. Nikamkuta binti amelazwa kitandani, amefunikwa, vidole vyake kumi vina rangi ya waridi ambayo niliipaka mwenyewe wiki iliyotangulia. Nilimfunga pamba na foili kama ninavyowafunga wote. Mkono uliopoa haupashi dawa joto, basi kazi ya robo saa ilichukua karibu saa nzima. Shangazi alikuwa akinibadilishia taulo za maji moto, tukisubiri bila kusema. Hakuna kucha iliyochunika.

Tangu usiku ule simpaki mteja jeli kabla ya kumuuliza ataitoa lini, na kutoa kumo ndani ya bei ya kupaka, ili asijaribiwe kuibandua kwa meno nyumbani. Nawe ukiingia saluni yoyote, ya Tanga au ya Kariakoo, uliza kwanza wanatoaje. Wakikuonyesha chuma, toka.