Jometri ya Ukili na Kamba

Mwaka 1837, katika mji mdogo wa Blankenburg nchini Ujerumani, Friedrich Froebel alifungua mahali pa kulelea na kufunzia watoto wadogo, na mwaka 1840 akapaita Kindergarten. Hakuanza na ubao wala kitabu. Aliwapa watoto mipira ya sufu, kisha tufe, silinda na mchemraba wa mti, kisha mchemraba uliokatwa vipande 8 vilivyo sawa, ili mtoto aubomoe na kuujenga upya kwa mikono yake. Baadaye zilifuata kazi za kukunja karatasi na kusuka vipande vyembamba vya karatasi, kimoja juu na kimoja chini, mpaka kitokee kimkeka. Kusuka huko kumeandikwa katika historia ya elimu kuwa ni mlango wa jometri. Katika pwani ya Afrika Mashariki watoto wamejifunza kusuka miyaa kwa mama na bibi zao vizazi na vizazi, tena kwa ufundi mgumu zaidi, lakini shule imeuweka ujuzi huo katika fungu la kazi za mikono. Ninashikilia kwamba mgawanyo huo haukutokana na hisabati. Ulitokana na nani aliyekuwa na sauti ya kuamua elimu ni kitu gani.

Tuutazame kwa makini ukili, yaani ule ukanda unaosukwa kwa miyaa. Msukaji huchana miyaa ya mkindu apate chane zenye upana mmoja, kwa sababu chane zisipolingana ukili huenda kombo. Kila chane hupita kwa mshazari hadi ukingoni, hapo hukunjwa na kurudi ndani, na chane zinazokutana hukatana kwa pembe mraba. Ukili mrefu ukishonwa ukingo kwa ukingo hutoa mkeka wa mstatili; ukizungushwa hutoa kitanga cha duara; ukizungushwa kwa namna nyingine hutoa kawa, ambayo ni umbo la pia. Siri ya tofauti kati ya kitanga na kawa iko katika mzingo. Ili kitanga kilale sawasawa, kila mzunguko lazima uuzidi uliotangulia kwa upana wa ukili mara 6 na zaidi ya robo kidogo, yaani mara mbili ya pai. Nyongeza ikipungua, kazi huanza kuinuka na kuwa kawa. Mtoto aliyewahi kuona jambo hilo likitokea mikononi mwake ameshakutana na uhusiano wa nusukipenyo na mzingo kabla hajaandikiwa kanuni yake.

Watakuwepo wa kusema kuwa msukaji hathibitishi lolote, na kwamba bila uthibitisho hakuna jometri, bali mazoea tu. Pingamizi hili lina uzito, na aliyelijibu vizuri ni Paulus Gerdes, mwanahisabati mzaliwa wa Uholanzi aliyefundisha walimu wa hisabati nchini Msumbiji baada ya uhuru wa 1975. Alichunguza jinsi wakulima wa huko wanavyopima msingi wa nyumba. Huchukua kamba mbili zenye urefu sawa, wakazifunga pamoja katikati. Hulaza mwanzi wenye upana wa nyumba, wakapigilia vigingi kwenye ncha zake na kufunga hapo ncha moja ya kila kamba. Kisha huzivuta kamba mpaka zikaze, na ncha zilizobaki huonyesha pembe mbili nyingine. Mstatili hutokea bila kupima pembe hata moja, kwa kuwa mishazari iliyo sawa na inayokatana katikati haiwezi kutoa umbo jingine. Gerdes alikubali kwamba anayeiga tu huenda hafikirii hisabati. Aliyeibuni mbinu hiyo, hata hivyo, alifikiri, na fikra yake imo ndani ya kazi ikingoja kuamshwa. Kumwuliza mwanafunzi kwa nini kamba lazima zifungwe katikati ndiko kuamsha huko, na uthibitisho huanzia hapo.

Pingamizi la pili linatoka katika historia chungu. Tume ya Phelps-Stokes, iliyozuru Afrika Mashariki mwaka 1924, ilipendekeza elimu inayofuata mazingira ya Mwafrika, yenye kilimo na kazi za mikono. Wazazi wengi waliona humo njama ya kuwabakiza watoto wao vibarua, na walikuwa na sababu ya kushuku. Kosa la siku hizo, hata hivyo, halikuwa kuleta kikapu darasani. Kosa lilikuwa kuishia kwenye kikapu, mtoto akasuka bila kuulizwa swali lolote la hisabati. Baada ya uhuru tukaangukia upande wa pili: hisabati mpya ya miaka ya 1960 ilitanguliza seti na alama kwa watoto ambao hawakuona vinahusu nini, na Kenya ikaiacha mwaka 1981. Njia ya kwanza ilikuwa na kitu bila swali, ya pili ikawa na alama bila kitu.

Wala si lazima mtoto wa mjini, asiyejua miyaa, atafutiwe ukili. Anacho kifuniko cha chupa cha kuzungushia uzi, kopo la maziwa la kupima mzingo, boksi la kukunjua na vigae vya sakafu vya kuhesabu eneo. Kinachotakiwa ni mwalimu anayejua swali la kuuliza, na ujuzi huo hufundishwa vyuoni. Basi wanaotunga mitaala na wanaofunza walimu waipe kazi hii nafasi yake ndani ya somo la hisabati lenyewe, wasiiache katika kipindi cha michezo. Mtoto aanze na kamba na kawa, aulizwe kwa nini, kisha afikishwe kwenye kanuni. Akiishia njiani, tutakuwa tumerudia kosa la 1924; akianzia mwisho, tutakuwa tumerudia lile tuliloliacha mwaka 1981.